Msiwacheke Wanaolilia Jezi



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, nilikuwa nimesimama nje chini ya mwembe nikisalimia watu. Kando yangu vijana watatu walikuwa wakibishana, na sauti zilikuwa zimepanda. Nikasogea nikidhani ni jambo la nyumbani. Kumbe ni jezi. Timu yao ya kule Uingereza ilikuwa imetoa jezi mpya ya msimu, na mmoja alikuwa ameshika simu akiwaonyesha wenzake picha kama mtu anayeonyesha gari lililogongwa. "Ona kola. Ona hii mistari. Hii ni pajama!" Wa pili alikuwa akiitetea. Wa tatu alikuwa amenyamaza tu, amenuna.

Mzee wetu mmoja wa kanisa akapita, mtu ninayemheshimu sana. Akasimama, akasikiliza kidogo, akawaambia, "Watu wazima mnalilia shati? Kalilieni dhambi zenu." Watu wote pale wakacheka. Mchungaji wenu naye akacheka.

Nimekaa na kicheko hicho wiki nzima na hakinikai vizuri. Leo nakitubia mbele yenu, na nikimaliza kutubu nitagombana kidogo na mzee wangu, kwa upendo, kwa sababu najua husoma ukurasa huu kila asubuhi kabla ya chai.

Mzee wangu, swali lako lilikuwa zuri, shida ni kwamba ulilicheka kabla ya kulijibu. Kwa nini mtu mwenye kazi na watoto anaumia rangi ya shati ikibadilishwa? Wewe unasema ni ujinga. Mimi nasema kuna siku ni ujinga, na kuna siku huyo mtu ameona kitu ambacho wewe na mimi hatujakiona. Tusipojua kutofautisha siku hizo mbili, tutakuwa tunawacheka watu msibani.

Nianze na siku ya ujinga, ili usiseme nimewapendelea vijana.

Machi 2024 Nike walitoa jezi mpya ya timu ya taifa ya Uingereza. Nyuma ya kola waliweka msalaba mdogo wa Mtakatifu George, ule mwekundu wa bendera yao, lakini safari hii wakauchora kwa rangi mchanganyiko, zambarau na bluu ndani yake. Kitu kidogo cha kuweka chini ya kidole gumba. Wenye kampuni wakaeleza kwamba rangi hizo zimetokana na nguo za mazoezi za kikosi cha 1966, kile kilichochukua Kombe la Dunia. Hakuna aliyetaka maelezo. Nchi iliwaka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, akatoa neno. Kiongozi wa upinzani, Keir Starmer, akatoa neno. Watu waliokuwa hawajavaa jezi tangu wakiwa shule ya msingi wakageuka walinzi wa kola.

Jezi hiyohiyo, ile ya aina wanayovaa wachezaji wenyewe, iliuzwa pauni 124.99. Hiyo ni zaidi ya shilingi 20,000 za Kenya kwa shati moja. Ile ya kawaida ya mashabiki ilikuwa pauni 84.99. Bei ilisemwa pia, siwezi kukana, Starmer mwenyewe aliitaja. Lakini ukilinganisha kelele za kola na kelele za bei, utajua ni wapi pumzi ya watu iliishia. Baba wa watoto watatu anakamuliwa mfukoni, na yeye anapigania zambarau.

Hapo, mzee wangu, nakupa haki yako. Na nyinyi vijana, msinikasirikie. Kila mwaka jezi inabadilishwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ile ya mwaka jana mmeshainunua. Mkipiga yowe kila Julai kwa sababu ya mstari umenenepa au kola imekuwa mviringo, siku mwizi atakapoingia kweli majirani watasema, "Ah, ni wale wa kelele," na watageuka upande wa pili walale.

Sasa niwapeleke mahali ambapo mwizi aliingia kweli. Wengi wenu ni watu wa Arsenal, Manchester na Liverpool, kwa hivyo timu hii huenda hamuifuati. Inaitwa Cardiff City. Cardiff ndio mji mkuu wa Wales, na Wales sisi Wapentekoste tunaijua kwa sababu ya uamsho wa 1904. Leo nawapeleka uwanjani, si kanisani.

Timu hiyo ilianza 1899, ikiitwa Riverside, ikivaa rangi ya kahawia na manjano. Naitaja hiyo mapema ili asije mtu akaniambia, "Mchungaji, hata bluu haikuwa yao tangu mwanzo." Ni kweli, haikuwa. Lakini waliichukua wangali wachanga na wakaivaa kwa zaidi ya miaka 100, hata wakaitwa kwa jina la ndege wa bluu, na ndege huyo akakaa kwenye nembo. Mtoto hazaliwi na jina. Anapewa. Lakini ukija kumbadilishia jina akiwa na miaka 60, usimwambie kwamba hakuzaliwa nalo.

Katika bluu hiyo walifanya jambo ambalo hakuna mwingine amewahi kulifanya. Tarehe 23 Aprili 1927 walikwenda Wembley, fainali ya Kombe la FA, wakakutana na Arsenal. Watu wa Arsenal, vumilieni. Cardiff walishinda 1-0. Kombe hilo likatoka Uingereza yenyewe likaenda Wales, na hadi leo halijatoka tena hata mara moja. Bao lenyewe lilikuwa la Hughie Ferguson. Alipiga mpira, kipa wa Arsenal, Dan Lewis, ambaye naye alikuwa mtu wa Wales, akaudaka ukamponyoka ukaingia wavuni. Na sikizeni hii: inasimuliwa kwamba lawama iliangukia jezi yake mpya, kwamba ilikuwa inateleza, na kwamba tangu siku hiyo Arsenal huifua jezi ya kipa kabla ya fainali. Kwa hivyo msifikiri kulaumu jezi mpya kumeanza na nyinyi.

Siku hiyohiyo ndipo ulipoimbwa kwa mara ya kwanza kwenye fainali ya Kombe la FA ule wimbo tunaoimba jioni na makaburini, Kaa Nami. Mpaka leo huimbwa hapo. Waliokuwepo wakawasimulia watoto wao, watoto wakawasimulia wajukuu. Siku ile bluu ilikuwa imevaliwa na nani, na babu alikuwa amesimama wapi.

Haya. Mwaka 2010 tajiri wa Malaysia, Vincent Tan, akachukua timu. Sitamsema vibaya zaidi ya alichofanya. Timu ilikuwa na madeni, naye alitoa pesa, na pesa nyingi. Lakini Mei 2012 ukatoka mpango: bluu iondoke, timu ivae nyekundu, na ndege wa bluu ampishe joka jekundu kwenye nembo. (Najua wengine wenu mkisikia joka jekundu mnakimbilia kitabu cha Ufunuo. Tulieni. Joka hilo liko kwenye bendera ya Wales tangu zamani.) Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba nyekundu ni rangi ya bahati huko Asia, na kwamba timu itauzika vizuri zaidi huko. Mashabiki wakalia. Mpango ukarudishwa kabatini. Mwezi haukupita vizuri, Juni wakautoa tena, na safari hii ukapita. Ndege alibaki, lakini wamemfanya kadogo chini ya joka, na pembeni maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya moto na shauku. Sisi watu wa Roho tunajua kuhusu moto. Moto ukishafika hatua ya kuandikwa kwenye nembo ili watu wajue upo, hapo uliza vizuri.

Kuna mtu atasema, lakini nyekundu ndiyo rangi ya Wales, walipoteza nini? Ndugu yangu, hao watu walikuwa tayari wanavaa nyekundu. Timu ya taifa ya Wales ikicheza wanavaa nyekundu. Timu ya mji wao ikicheza wanavaa bluu. Mama yangu mzazi namwita mama, na mke wangu waumini wanamwita mama. Ukidhani kwa sababu hiyo unaweza kumbadilisha mmoja na mwingine, basi hujaelewa nyumba yangu.

Wapendwa, hili mmeshalisoma. Yuko katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi wa Yezreeli ana shamba la mizabibu karibu na ikulu. Mfalme Ahabu analitaka alifanye bustani ya mboga. Na angalieni, Ahabu hakuja na rungu kwanza. Alikuja na ofa. Nitakupa shamba lingine zuri kuliko hili, au nitakupa fedha taslimu. Kwa hesabu za soko, ni biashara nzuri. Nabothi akakataa, kwa sababu hilo shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Hakusema bei ni ndogo. Alisema halina bei. Na mfalme, mwenye kila kitu, akaenda kulala kitandani akageukia ukuta, akakataa chakula, kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Simfananishi Tan na Ahabu kwa habari ya damu, hapana, na mtaona mbele kwamba nitamtetea. Namfananisha kwa habari ya lile swali moja: aliyelipa ndiye mwenye mali? Tan alilipa madeni, alilipa mishahara, alinunua wachezaji. Sawa, hivyo ni vyake. Lakini ule mwaka wa 1927 aliununua kwa nani? Yule babu aliyesimama kwenye mvua miaka 40 akiwa na skafu ya bluu shingoni, risiti yake iko wapi? Rangi ya timu haikutengenezwa na mmiliki yeyote. Ilitengenezwa na watu waliokuja uwanjani wakati timu ilikuwa haifai kitu, wakalipa kiingilio, wakafungwa, wakarudi tena wiki iliyofuata. Mmiliki hupokea funguo za nyumba. Hapokei picha za harusi zilizo ukutani.

Hapa ndipo hadithi inapokuwa ngumu, na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu sikuiandika ili nimpige tajiri. Tajiri ni rahisi kumpiga.

Nabothi alikataa. Watu wa Cardiff, wengi wao, hawakukataa. Kulikuwa na walioandamana, na kulikuwa na waliochana tiketi wasirudi tena kwa muda. Lakini wengine wengi walipiga hesabu. Wakasema, tukimkasirisha mtu huyu ataondoka na pesa zake, timu itakufa, na timu iliyokufa haivai rangi yoyote. Wakasema, afadhali nyekundu iliyo hai kuliko bluu iliyo kaburini. Siwadharau. Nimekaa na watu wenye deni, najua sauti inavyokuwa wakati mtu anasaini kitu asichokitaka. Lakini tusidanganyane kwamba Ahabu pekee ndiye alikuwa kwenye meza ile. Aliyeuza naye alikuwepo.

Na kisha, wapendwa, wakashinda.

Hii ndiyo sehemu ambayo wanaocheka mashabiki hawaijui, na wanaowatetea hawapendi kuisema. Msimu wa kwanza kabisa wa nyekundu, 2012-13, Cardiff walikuwa mabingwa wa daraja la pili, wakapanda Ligi Kuu. Ilikuwa mara ya kwanza kurudi ngazi ya juu kabisa tangu 1962. Miaka 51 ya kungoja katika bluu, na mwaka mmoja wa nyekundu ukaleta kila kitu. Hebu jiwekeni pale. Yule aliyepinga atasema nini sasa? Jirani anamcheka: "Unaona? Ulikuwa unalilia shati. Shati hili limekubariki."

Mnaijua sauti hiyo. Naisikia kila wiki hapa kwetu, na mara nyingine inatoka madhabahuni. Kimefanikiwa, basi ni halali. Gari limekuja, basi njia ilikuwa safi. Nyumba imeisha, usiulize kiwanja kilipatikanaje. Hiyo ndiyo hoja ninayopigana nayo leo kuliko hoja ya jezi. Ahabu naye alilipata lile shamba. Alishuka akaenda kulimiliki, na nadhani mboga zingeota vizuri tu, kwa sababu udongo hauulizi. Kama kupata ni ushahidi wa haki, basi Ahabu alikuwa na haki na Nabothi alikuwa mjinga.

Na hata kwa hesabu za mpira hoja hiyo haisimami. Msimu uliofuata, 2013-14, katika nyekundu ileile ya bahati, wakamaliza wa mwisho kabisa, nafasi ya 20, wakashuka. Walimfunga Manchester City 3-2 nyumbani Agosti, sherehe ikawa kubwa, lakini Desemba kocha Malky Mackay akafutwa, akaja Ole Gunnar Solskjær ambaye watu wa Manchester mnamjua, na hakuweza kuwaokoa. Miaka michache baadaye, 2018, wakapanda tena Ligi Kuu, na wakati huo walikuwa wamevaa bluu. Mwaka uliofuata wakashuka, katika bluu hiyohiyo. Kwa hivyo tusiseme nyekundu ilileta baraka, wala tusiseme bluu ililipa kisasi. Shati halifungi mabao. Waliolia hawakuwahi kusema shati linafunga mabao. Ni tajiri aliyesema rangi ina bahati. Mashabiki ndio walioitwa wajinga, na ushirikina ulikuwa ofisini.

Kuna jambo moja walilofanya nalipenda sana. Katika zile mechi za nyekundu, saa ya uwanja ikifika dakika ya 19 na sekunde ya 27, walisimama wakaimba kwamba wao ni bluu daima. Kumi na tisa, ishirini na saba. 1927. Mchezo unaendelea, timu yao iko uwanjani katika rangi waliyolazimishwa, pengine inaongoza, na wao wanasimama kumkumbusha mwenye nyumba mwaka ambao hakuwepo. Hawakuvunja viti. Walihesabu tu sekunde.

Mwishowe tajiri alisikia. Januari 2015, watu wakiwa wamepungua uwanjani na minong'ono haiishi, Tan alikutana na wawakilishi wa mashabiki, na tarehe 9 akatangaza kwamba bluu inarudi. Kesho yake walicheza na Fulham nyumbani wakiwa katika bluu. Na katika maelezo yake alisema kwamba mama yake mzazi, mama mcha dini wa Kibuddha, alikuwa amezungumza naye kuhusu umoja na furaha ya watu. Ndiyo maana nikasema nitamtetea. Ahabu alikuwa na mtu wa nyumbani aliyemwambia, wewe ni mfalme, lichukue. Tan alikuwa na mama aliyemwambia vingine, naye akamsikia. Matajiri wangapi wanarudisha? Wangapi wetu tumerudisha?

Labda mtu anasema hayo ni ya Wazungu na Wamalaysia. Basi nirudi hapa nyumbani, na hili linanihusu mimi.

Mnakumbuka sare za kina mama wetu, zile bluu zenye kitambaa cheupe cha kichwa. Wasiojua niwaambie: kina mama walizichagua wenyewe na wakazilipia wenyewe, shilingi 50 leo, shilingi 20 kesho, kwa kuuza mandazi na chai baada ya ibada. Ilichukua karibu mwaka mzima. Kisha kukawa na harambee ya paa, na mgeni mmoja wa heshima akaja. Simtaji, na msimtafute. Alitoa mchango mzuri, halafu akaniita kando akaniambia atamalizia mabati yote ya upande wa nyuma, na zaidi ya hayo atawashonea kina mama sare mpya, kila mmoja na lake, bure. Akanionyesha kitambaa. Ilikuwa rangi ya chama chake.

Wapendwa, sitawadanganya. Nilifurahi. Nilishaanza kuhesabu misumari. Nilijiambia rangi ni rangi tu, Mungu haangalii kitambaa. Nilipowaletea kina mama habari hiyo nikitegemea vigelegele, wakanyamaza. Kisha mama mmoja mzee, ambaye huwa hasemi kwenye mikutano, akasimama polepole akishika kiti cha mbele yake. Akasema, "Mchungaji, hizi tulinunua sisi." Akaketi. Hakuongeza neno.

Mabati hayakuja. Mnaokaa kona ile ya nyuma mnaijua ile ndoo ya njano. Mvua ikinyesha katikati ya mahubiri nasikia matone yakiingia, na kila tone linanikumbusha jinsi nilivyokuwa karibu kuuza kitu ambacho hakikuwa changu. Mimi, mtu wa kuhubiri Nabothi.

Sasa mzee wangu, nirudi kwako, maana nilikuahidi ugomvi.

Wewe ni mtu wa K'Ogalo. Usinikatalie mbele ya watu. Umenisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, kuhusu 1987, Gor Mahia walipobeba Kombe la Mandela mbele ya Espérance ya Tunisia, na mlivyorudi nyumbani kwa miguu mkiimba. Na najua kuna shati moja la kijani nyumbani kwako ambalo halina tena kola wala vifungo, ambalo mama watoto amejaribu kulifanya tambara la kudekia zaidi ya mara tatu, na kila mara umelitoa kwenye ndoo. Sasa nikuulize. Kesho aje tajiri alipe madeni yote ya Gor, ajenge uwanja, alete wachezaji kutoka kokote, halafu aseme, kuanzia Jumamosi mtavaa bluu na nyeupe kama mashemeji zenu wa Ingwe, kwa sababu inauzika vizuri ng'ambo. Utasema ni shati tu? Utakwenda kulilia dhambi zako?

Baba yangu alikuwa mtu wa Ingwe, kwa hivyo mimi ningecheka, lakini ningecheka nikiwa na huzuni. Timu ya baba ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya. Baadaye serikali ikataka timu ziache majina ya makabila, ikawa AFC Leopards. Baba alikubali, akasema pengine ni vizuri kwa nchi. Lakini alikuwa na redio moja yenye kitambaa cha bluu kilichofungwa kwenye antena, na siku ya mechi hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa.

Jumatano nilimtafuta yule kijana wa tatu, yule aliyenyamaza. Nilimkuta stejini akingoja abiria na pikipiki yake. Nikamuuliza jezi mpya ina ubaya gani. Akacheka kidogo, akasema, "Hata si mbaya sana, Mchungaji." Kisha akaniambia jezi yake ya kwanza alinunuliwa na kaka yake Gikomba, kwa mshahara wa kwanza wa kaka yake, ikiwa kubwa mpaka magotini, na kwamba kila msimu walikuwa wakingoja picha ya jezi mpya watoe maoni yao pamoja, wabishane hadi usiku. Huu ni msimu wa pili anaiangalia peke yake. Kaka huyo tulimzika mwaka juzi, mzee wangu. Wewe ndiwe uliyeomba pale kaburini.

Huyu kijana huketi safu ya pili kutoka nyuma, karibu na ndoo. Jumapili hii ukiingia, pitia kwake kabla hujaenda mbele. Baada ya ibada mje wote wawili kwangu, chai itakuwa tayari. Na lile shati la kijani, lilete.